Kukata paa la gari la kale: Faida ya leo, hasara ya kesho

KILA mwezi wa Agosti, mji wa Monterey katika pwani ya California nchini Marekani hujaa matajiri na madalali wanaofuata jambo moja tu: magari ya kale. Bei zinazotajwa katika minada ya mji huo hufuatiliwa na wafanyabiashara wa magari hayo katika kila bara.

Agosti 2013, gari la wazi aina ya Ferrari 275 GTB/4, lililokuwa mali ya familia moja tangu lilipokuwa jipya, liliuzwa hapo kwa dola milioni 27.5 za Marekani. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2014, Ferrari nyingine ya aina hiyo hiyo, ila yenye paa la bati, iliuzwa katika mji huo huo kwa zaidi kidogo ya dola milioni 10.

Kwa mtazamaji wa haraka, hesabu ni rahisi: gari lisilo na paa lina thamani kubwa kuliko lenye paa. Kwa hiyo, mwenye gari lenye paa akilikata, atakuwa amejiongezea utajiri. Hivyo ndivyo walivyofikiri mamia ya wamiliki wa magari ya kale huko Marekani na Ulaya kwa zaidi ya miaka 40, na wengine wangali wakifikiri hivyo hadi leo.

Lakini historia ya gari lile la pili inaeleza jambo tofauti kabisa. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na paa. Baadaye paa lilikatwa, likawa gari la wazi. Kisha mmiliki mwingine akagharamia kazi kubwa ya kulirudishia paa lake, na ni katika hali hiyo ya pili ya kuwa na paa ndipo lilipofikia bei ile. Aliyelipa ili paa lirudi hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kusoma soko linakoelekea.

Swali basi linabaki: je, kuligeuza gari la kale kuwa la wazi kunaliharibia thamani? Jibu halimo katika msumeno peke yake. Limo katika mambo manne: idadi ya magari ya aina hiyo yaliyobaki, uimara wa bodi yake, nani aliyefanya kazi hiyo na lini, na ukweli wa karatasi zinazoambatana nalo.

Paa lililoondoka na kurudi

Gari lililouzwa mwaka 2014 lilikuwa la Steve McQueen, mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1980. Alilipokea katika kipindi alichokuwa akiigiza filamu ya Bullitt, iliyotoka mwaka 1968. Baada ya kupita mikononi mwake, mmoja wa wamiliki waliofuata aliamua kuliondoa paa ili lifanane na magari machache ya wazi ya aina hiyo, yanayojulikana kwa jina la NART Spider.

Magari hayo ya NART yalikuwa 10 tu. Yalitokana na maombi ya Luigi Chinetti, mwagizaji wa Ferrari nchini Marekani na mshindi wa mara tatu wa mbio za saa 24 za Le Mans. Chinetti aliona kwamba wateja wake wa Marekani walitaka gari la wazi lenye injini ile mpya ya silinda 12, naye akaishawishi kampuni imtengenezee. Kazi ya bodi ilifanywa na karakana ya Scaglietti huko Modena, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiunda bodi za Ferrari nyingi za wakati huo. Gari lililouzwa kwa dola milioni 27.5 lilikuwa moja kati ya hayo 10.

Aliyelikata gari la McQueen, kwa hiyo, alikuwa akiifuata sura ya kitu adimu. Sura aliipata, lakini nasaba hakuipata. Gari lake halikuingia katika orodha ya yale 10, na wakati huo huo lilitoka katika orodha ya magari yenye paa yaliyokamilika kama yalivyotoka kiwandani. Likawa halina kwao.

Mmiliki wa baadaye alilipeleka Maranello, Italia, kwenye idara ya Ferrari inayoshughulikia magari ya kale, ambako lilitengenezwa upya na kurudishiwa paa kwa vipimo vya asili. Ni kweli kwamba jina la McQueen lilichangia sehemu kubwa ya bei iliyopatikana mwaka 2014. Hata hivyo, kama sura ya wazi ingekuwa na faida sokoni, mwenye gari asingekuwa na sababu ya kulipia kazi ndefu na ghali ya kuifuta.

Hesabu iliyowavutia wengi

Mfano unaoeleza vizuri zaidi tamaa hii ni wa Ferrari 365 GTB/4, inayojulikana zaidi kwa jina la Daytona. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Paris mwaka 1968, ikiwa na injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 4.4 na nguvu za farasi zipatazo 352. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya Frankfurt, kampuni ilionyesha toleo la wazi la gari hilo.

Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1973, magari yenye paa yaliyokuwa yametengenezwa yalipata 1,280, na ya wazi 122 tu. Kwa maneno mengine, kwa kila gari la wazi moja kulikuwa na zaidi ya kumi yenye paa.

Uchache huo ndio ulioanzisha biashara. Katika miaka ya 1970 na 1980, magari ya wazi ya kiwandani yaliuzwa kwa bei ya juu sana kuliko yenye paa, na tofauti hiyo ya bei ilikuwa kubwa kuliko gharama ya fundi hodari wa bodi. Karakana kadhaa, hasa za California, zilijipatia sifa kwa kuzikata Daytona na kuzifanya za wazi. Baadhi ya kazi hizo zilikuwa nzuri kiasi kwamba mtu asiye mtaalamu hakuweza kuzitofautisha na za kiwandani.

Mazingira ya Marekani ya wakati ule nayo yalisaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walihofia kwamba serikali ingeweka masharti ya usalama, hasa kuhusu magari yanayopinduka, ambayo magari ya wazi yasingeweza kuyatimiza. Wateja nao walikuwa wamepungua kutokana na kuenea kwa viyoyozi vya magari na mwendo mkubwa wa barabara kuu. Kampuni moja baada ya nyingine iliacha kuyatengeneza. Mwaka 1976 Cadillac Eldorado ya wazi ilitangazwa kuwa ya mwisho ya aina yake nchini humo.

Masharti yaliyohofiwa hayakuja kwa namna ilivyodhaniwa. Chrysler ilirudi na gari la wazi mwaka 1982, na Cadillac yenyewe ikarudi mwaka 1984. Lakini katika pengo hilo la miaka michache, mtu aliyetaka gari la wazi la Kimarekani ambalo si la zamani alikuwa na njia moja kubwa: kununua lenye paa na kulikata. Mafundi wa kazi hiyo walistawi, na mazoea hayo yakahamia pia kwenye magari ya kale.

Televisheni ikaongeza chumvi. Tamthilia ya Miami Vice, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1984, ilimpa shujaa wake gari jeusi la wazi lililoonekana kuwa Daytona. Kwa kweli lilikuwa bodi ya kuigiza iliyowekwa juu ya chesisi ya Chevrolet Corvette. Ferrari ililalamika, na hatimaye gari hilo likalipuliwa ndani ya tamthilia yenyewe na nafasi yake kuchukuliwa na Ferrari Testarossa halisi. Lakini mamilioni ya watazamaji walikuwa wamekwisha kuamini kwamba Daytona nzuri ni ile isiyo na paa.

Namba haifichiki

Kilichowaponza wengi ni kwamba gari huzaliwa na namba. Msumeno unaweza kuondoa paa, lakini hauwezi kuondoa kile kilichoandikwa kwenye daftari la kiwanda siku gari lilipotoka.

Mifano ipo katika karibu kila kampuni kubwa. Katika Ford Mustang za mwaka 1965 na 1966, namba ya gari ilibeba tarakimu mbili zinazoeleza aina ya bodi: 07 kwa gari la paa gumu la kawaida, 08 kwa gari la wazi, na 09 kwa lile lenye mgongo ulioteremka. Mtu anayeuza Mustang ya wazi ya mwaka 1965 yenye namba 07 anauza gari lililokatwa, hata kama rangi na turubai vinang'aa kiasi gani.

Mercedes-Benz 280 SE 3.5, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1969 na 1971, ilikuwa na namba inayoanza na 111.026 kwa yenye paa na 111.027 kwa ya wazi. Zilitengenezwa 3,270 zenye paa na 1,232 za wazi. Tofauti ya tarakimu moja tu mwishoni ndiyo inayotenganisha bei mbili zilizo mbali sana.

Katika Jaguar E-Type za mwanzo, zilizozinduliwa Geneva mwaka 1961, magari ya wazi yenye usukani wa kulia yalianza kuhesabiwa kutoka 850001, na yenye paa kutoka 860001. Katika Plymouth Barracuda za mwaka 1971, herufi na tarakimu BS27 zilionyesha gari la wazi na BS23 gari lenye paa. Hilo si jambo dogo, kwani gari la wazi la aina hiyo lenye injini kubwa iitwayo Hemi lilitengenezwa mara 11 tu, na mojawapo liliuzwa Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Volkswagen Beetle, ile ya umbo la kobe ambayo Afrika Mashariki inaikumbuka kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, nayo ina alama yake. Kuanzia magari ya mwaka 1965, namba ya chesisi ya Beetle ya kawaida ilianza na 11, na ya wazi, iliyojengwa na karakana ya Karmann huko Osnabrück, ilianza na 15.

Mnunuzi wa jijini Dar es Salaam au Nairobi anayelinganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari kabla ya kutoa fedha anafanya, kwa kiwango chake, kazi ile ile inayofanywa na wakaguzi wa nyumba kubwa za mnada. Tofauti ni kwamba wakaguzi hao wana pia cheti kutoka kiwandani. Shirika la urithi wa Jaguar hutoa hati zinazonukuu daftari la uzalishaji, na idara ya magari ya kale ya Ferrari hutoa cheti kwa gari ambalo chesisi, injini, gia na bodi vinalingana na jinsi lilivyotoka. Gari lililokatwa na karakana ya nje haliwezi kutimiza sharti la bodi.

Paa si kofia

Sababu ya pili ya kushuka kwa thamani ni ya kiufundi, na inagusa usalama wa abiria.

Watu wengi hulitazama paa kama kofia, kitu kinachovaliwa na kuvuliwa pasipo kuathiri mwili. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1950 hali haiko hivyo. Gari halina fremu ya chuma inayojitegemea chini yake. Bodi nzima, yaani sakafu, kuta, nguzo na paa, hushirikiana kubeba uzito, kama sanduku lililofungwa. Likiondolewa paa, sanduku hilo hubaki kama boksi la viatu lisilo na kifuniko: ukilishika pembe mbili na kulikunja, linapinda.

Katika gari, kupinda huko hujitokeza taratibu. Milango huanza kukwama au kuning'inia. Kioo cha mbele hutikisika kwenye barabara mbaya na mwisho hupasuka. Rangi hupata nyufa kwenye maungio. Usukani hutetemeka mkononi mwa dereva. Katika ajali ya kupinduka, abiria hubaki na kioo cha mbele peke yake kama kinga.

Viwanda vilivyotengeneza magari ya wazi vililijua hilo. Mustang ya wazi ilitoka kiwandani ikiwa na vizingiti vizito zaidi chini ya milango, masanduku ya chuma yaliyoongezwa kwenye maungio ya mbele, na bamba la chuma lililochomelewa chini ya sakafu. Beetle ya Karmann ilikuwa na mihimili ya chuma chini ya milango kwa kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu hatazami turubai kwanza. Hulala chini na kutazama uvungu wa gari.

Karakana nzuri huongeza vyuma hivyo. Karakana mbaya hukata paa, huvika turubai na kukabidhi funguo. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua alikutana na ipi bila kubomoa mazulia na kukwangua rangi, soko huyapunguzia bei magari yote yaliyokatwa, mazuri kwa mabaya. Mwenye kazi nzuri hulipa deni la mwenye kazi mbovu.

Yapo magari yanayostahimili kukatwa kuliko mengine. Daytona ina fremu ya mabomba ya chuma inayobeba sehemu kubwa ya uzito, na Citroën DS ya Ufaransa ina kiunzi ambacho paa lake jepesi hufungwa juu yake tu. Lakini hata hayo huhitaji kuimarishwa, na hata hayo hayaepuki swali la karatasi.

Nani alikata, na lini

Hapa ndipo mjadala unapopata sura nyingine, kwa sababu si kila gari lililokatwa limepoteza heshima.

Henri Chapron, mtengenezaji wa bodi mwenye karakana Levallois, kando ya Paris, alianza mwaka 1958 kujenga magari ya wazi kutokana na Citroën DS pasipo kutumwa na kampuni hiyo. Kazi yake ilipendeza kiasi kwamba Citroën yenyewe ikakubali kuliweka gari la wazi katika orodha ya bidhaa zake, likijengwa na Chapron huyo huyo. Hadi mwaka 1971 yalikuwa yametengenezwa 1,365. Leo gari la wazi la Chapron ni miongoni mwa magari ya Kifaransa ya baada ya vita yanayotafutwa sana.

Wakati huo huo, katika miongo iliyofuata, mafundi wengi wameyakata magari ya kawaida ya DS na kuyafanya yafanane na ya Chapron. DS zilizotengenezwa zilikaribia milioni moja na nusu, kwa hiyo aliyekata moja hakuifilisi historia. Magari hayo yana wateja wake, na yanapouzwa kwa jina lake halisi hupata bei ya kuridhisha. Lakini hayajapata kufikia bei ya yale 1,365, na hakuna dalili kwamba yatafikia.

Ukiyaweka magari ya Chapron na yale ya Chinetti upande mmoja, na gari la McQueen lililokatwa upande mwingine, tofauti inaonekana wazi. Chapron na Chinetti walifanya kazi wakati magari yakiwa mapya, kwa baraka za kiwanda au zilizofuatwa na baraka hizo, na idadi yao ikaandikwa. Kazi yao ikawa sehemu ya historia ya gari. Aliyekata miaka 15 au 20 baadaye alikuwa akiibadilisha historia iliyokwisha kuandikwa. Kitendo kinafanana, lakini soko linavilipa viwili hivyo kwa mizani tofauti.

Soko lilipogeuka

Sababu nyingine iliyowaumiza waliokata ni kwamba ladha ya wanunuzi imebadilika. Miaka ya 1980, gari la kale lilikuwa la kung'arishwa, kupakwa rangi mpya na kuongezewa madoido. Kuanzia miaka ya 2000, wanunuzi wakubwa wamezidi kutafuta gari ambalo halijaguswa.

Mfano wa kushangaza ulitokea Septemba 2017. Daytona ya mwaka 1969, ya pekee kati ya zile za barabarani kuwa na bodi ya aluminiamu, ilipatikana Japani ikiwa imefichwa katika banda kwa miaka mingi. Haikuoshwa wala kupakwa rangi. Ilipelekwa kwenye mnada huko Maranello ikiwa na vumbi lake, ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 1.8. Gari hilo lina paa. Kama lingepita mikononi mwa fundi mwenye msumeno miaka ya 1980, wakati kila mtu alipotaka Daytona ya wazi, fedha hizo zisingepatikana.

Magari ya kawaida ya Daytona yenye paa nayo yalipanda bei sana katika muongo uliotangulia mnada huo, hadi kufikia mamia ya maelfu ya dola, huku yale ya wazi ya kiwandani yakivuka dola milioni 2. Yaliyokatwa yamebaki katikati, na mara nyingi yako karibu zaidi na bei ya yenye paa kuliko ya yale 122. Aliyelipa gharama kubwa kukata paa ili aikaribie bei ya juu amejikuta karibu na pale alipoanzia, bila cheti na bila paa.

Jambo kama hilo liliikuta Ferrari 250 GTE, gari la watu wanne lililotengenezwa kati ya mwaka 1960 na 1963 kwa idadi ya takriban 950. Kwa kuwa ilikuwa na bei ndogo, nyingi zilivunjwa ili injini na chesisi zake zitumike kuigiza gari adimu la mashindano, 250 GTO. Leo 250 GTE zilizobaki kamili zinathaminiwa kwa haki yake yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hesabu yenyewe ya faida pia ni finyu kuliko inavyoonekana. Chukua mfano wa gari la kubuni: lenye paa linauzwa dola 60,000, la wazi la kiwandani dola 100,000. Tofauti ni dola 40,000. Kazi ya kukata, kuimarisha chini, kutengeneza fremu ya turubai, vioo na rangi ikigharimu dola 35,000, na gari likauzwa dola 70,000 kwa sababu si la asili, mmiliki amepoteza dola 25,000. Faida hupatikana tu kama mnunuzi ataamini kwamba gari ni la asili, na hapo biashara imekwisha kuwa utapeli.

Hoja za wanaotetea

Haitakuwa haki kuyatazama mambo haya kwa jicho moja. Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba gari ni mali ya mwenyewe. Halikutengenezwa liwe hisa za benki. Mtu aliyenunua gari kwa jasho lake, akaliendesha wazi kando ya bahari kwa miaka 20, amepata kitu ambacho mnada hauwezi kukipima.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba si kila gari ni la kuhifadhiwa. Mustang za miaka ya kwanza, kuanzia zilipoingia sokoni Aprili 1964 hadi mwisho wa toleo la mwaka 1965, zilizidi 680,000, na kati yake za wazi zilizidi 100,000. Aliyekata Mustang moja ya paa gumu, iliyooza kwa kutu na iliyokwisha kupoteza injini yake ya asili, hakuharibu chochote ambacho wakusanyaji wangekililia. Vivyo hivyo kwa gari ambalo paa lake lilipondwa katika ajali. Katika hali hizo, kazi nzuri ya kuligeuza inaweza kulipa uhai gari ambalo lingeishia kwa wauza vyuma chakavu.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Inafaa pale gari linapokuwa la kawaida na mmiliki hatarajii faida. Haifai pale magari yaliyobaki yanapokuwa machache, kwa sababu hapo mmiliki wa leo anaamua kwa niaba ya wote watakaokuja. Kila Daytona iliyokatwa imepunguza idadi ya zile zenye paa, na hakuna itakayotengenezwa tena.

Tena gari huishi kuliko mwenye nalo. Aliyelikata kwa furaha yake huenda asilidanganye soko yeye mwenyewe, lakini wa tatu au wa nne baada yake anaweza kulinunua bila karatasi, kwa imani kwamba ni la kiwandani. Wanaoumia katika mnyororo huo si matajiri wa Monterey, ambao wana wakaguzi wa kulipwa. Ni mtu wa kipato cha kati aliyeweka akiba yake ya uzeeni katika Jaguar au Mustang moja, akagundua siku ya kuuza kwamba namba haisomeki kama alivyoambiwa.

Kabla ya msumeno

Kutokana na yote hayo, jibu la swali la mwanzo linaweza kutolewa bila kuzungusha maneno. Kwa gari adimu, lenye paa lake la asili na namba zake kamili, kulikata kunalipunguzia thamani, na hasara hiyo huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa gari la kawaida lililokwisha kuharibika, kunaweza kusilipunguzie kitu, na pengine kukaliongezea kidogo, lakini ni nadra gharama kurudi yote. Na kwa gari lolote lile, kulikata hakuligeuzi kuwa la wazi la kiwandani.

Kwa anayenunua, la kwanza ni kusoma namba kabla ya kutazama rangi, la pili ni kutazama uvungu, na la tatu ni kudai hati ya kiwanda. Gari lililokatwa si la kukimbiwa. Linaweza kuwa ununuzi mzuri kwa anayetaka kuliendesha tu, mradi alipe bei ya gari lililokatwa.

Kwa anayeuza, ukweli una faida. Gari linalotajwa wazi kwamba liligeuzwa, na karakana fulani, mwaka fulani, pamoja na picha za kazi na orodha ya vyuma vilivyoongezwa, huuzwa kwa bei bora kuliko lile linaloacha maswali.

Na kwa mmiliki ambaye bado anasitasita, huku fundi akisubiri neno lake, kuna jambo moja la kupima. Paa lililopo leo linaweza kukatwa mwaka wowote ujao. Lililokatwa halirudi isipokuwa kwa gharama kubwa, na hata likirudi, halitakuwa bati lile lile lililotoka kiwandani.